Hesabu ya Jumamosi

Baba alitandika gazeti la juzi sakafuni,
ukurasa wa michezo juu, apate kusoma huku akifuta,
akaita: "Siwema, lete mafuta ya cherehani ya mama yako,
na usipite mbele ya mtutu, hata kama ni mtupu.
Huo mtupu ndio unaoua."

Hapo ni Tabata Kimanga, saa mbili asubuhi,
ukoko wa uji bado kwenye sufuria.
Bunduki mbili: gobori la babu, lililokuja kutoka Liwale
likiwa katikati ya magunia ya mihogo,
halijaonja baruti tangu babu apofuke;
na ile ndefu, ya kazi, aliyouziwa na idara
siku alipovua magwanda ya wanyamapori,
leseni yake ndani ya nailoni, nyuma ya picha ya harusi.

"Dar hii," alisema, "ina chumvi mpaka usingizini.
Ukilaza chuma kikavu, unaamka na kutu."
Akavuta kitambaa kwa uzi ndani ya mtutu,
kikatoka cheusi, akavuta kingine, kikatoka kahawia,
kingine, na kingine,
mpaka kitoke cheupe kama kanzu ya Idi.
Kitako alikisugua kwa kiganja kitupu,
polepole, kama mgongo wa mtoto mwenye homa.

Halafu risasi. Hizo zilikaa mbali:
kabati jingine, kufuli jingine,
ufunguo shingoni mwake hata akienda kuoga.
Kopo la kahawa, ndani yake kifuko cha mchele
cha kunyonya unyevu. Shaba imeota ukijani.
"Hizi zimekuzidi umri. Risasi kongwe
ni kama mzee mwenye presha, haitaki kushtuliwa."
Alizihesabu kwa kidole, akaandika daftarini
tarehe, idadi, sahihi.
12.
Jumamosi iliyofuata, 12.
Jumamosi ya arobaini ya mama, 12,
mwandiko umelala kidogo upande mmoja.

Amefariki Machi, masika yakianza.
Kaka yangu Ausi akapiga simu kutoka Tunduma:
"Kuna mtu analitaka gobori, alitundike baa."
Nikamjibu simu ikikatika.
Nikawaita polisi. Wakaja wawili na gari,
nikazifunga bunduki kwa kanga ya mama,
jina la kanga likakunjika, yakabaki maneno mawili nje:
SI YAKO.

Kituoni, Sajini Chilewa akamimina kopo mezani.
Akahesabu. Akahesabu tena akizipanga mbili mbili,
moja ikakosa mwenzake.
"Kumi na moja, dada. Daftari linasema kumi na mbili."

Nilikuwa na miaka tisa.
Siku hiyo moja aliuacha ufunguo juu ya sinia
akaenda kumfungulia mlango muuza mkaa.
Nilitaka tu kitu kinachong'aa.
Nikakificha kwenye soksi ya shule; usiku kikawa kizito,
nikakitumbukiza choo cha shimo, kile cha zamani
tulichokuja kukifukia tukajenga juu yake banda la kuku.
Nikaisubiri Jumamosi kama mtu anayesubiri fimbo.
Baba akahesabu. Akanyamaza. Akahesabu.
Akaniangalia, si usoni, miguuni,
pale soksi zinapoishia.
Akaandika 12.
Wiki hiyo ndipo ufunguo ulipopata kamba.

Miaka thelathini na moja ya Jumamosi!
Mtu aliyetembea hadi Segerea kwa miguu
kurudisha chenji iliyozidi,
aliandika uongo mmoja, kwa kalamu ileile ya bluu,
na chini yake akatia sahihi.

Sajini anasubiri. Feni inazunguka, inakwama, inazunguka.
"Andika kumi na moja," nikamwambia.
"Hiyo nyingine iandike kwangu."
Akauliza jina kamili.
Nikalitaja, na la baba, na la babu,
naye akaandika yote matatu.